Allidina Visram: Tajiri Aliyefungua Duka Kabla ya Wateja Kufika

Kwetu Mombasa jina la Allidina Visram hutajwa kila siku na watu wasiomjua mwenyewe. Kwao ni jina la shule. Mzazi humhimiza mwanawe asome apate kuingia Allidina, na mtoto akaingia, akamaliza, akatoka, asipate kuuliza huyo Allidina alikuwa mtu gani. Wazee wachache hukumbuka kuwa alikuwa Mhindi, Khoja wa Kiismailia, na kwamba alikuwa tajiri mno. Basi.

Lakini mambo yake hayaeleweki vizuri kwa mtu aliyekaa Pwani. Ni heri kuyatazama kutoka huku Ziwani. Hivi niandikapo nipo Usenge, katika nchi ya Yimbo, ufuo wa wavuvi unaotazamana na kisiwa cha Mageta. Maji haya ndiyo yaliyopitiwa na mashua za marehemu zikichukua ngozi na ufuta, na upande wa mashariki ndiko Kisumu, mji ambao yeye alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wake wakubwa wa mwanzo.

Alizaliwa Kera, katika nchi ya Kachi huko Bara Hindi, mwaka 1851. Alivuka bahari angali mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, akashukia mrima wetu wa Bagamoyo. Hakuwa na mali. Alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, yule tajiri aliyekuwa akizitayarishia safari za bara vitambaa, shanga, waya na wapagazi, ambaye jina lake lingaliko katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa Sewa Haji ndipo kijana alipojifunza kuwa mali ya Bagamoyo haitoki Bagamoyo. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyeishika biashara ile ya misafara.

Wakati huo reli ilikwisha anza kujengwa kutoka Mombasa, tangu mwaka 1896. Wafanyabiashara wengi waliifuata reli kama kuku afuatavyo mchele unaomwagika: palipo na kambi ya mafundi na vibarua pana mshahara, na palipo na mshahara duka halikosi faida. Kambi ikihama, na duka huhama. Allidina naye aliuza kando ya reli, wala hakuidharau faida hiyo. Tofauti yake ni kwamba hakungoja garimoshi. Alifungua duka Kampala mwaka 1898, na reli haikufika Kisumu, iliyoitwa wakati ule Port Florence, mpaka Desemba 1901. Kwa miaka mitatu bidhaa zake zilimalizia safari kwa vichwa vya wapagazi. Mwenye kuhesabu faida ya mwezi kwa mwezi angalilifunga duka lile mapema. Yeye alilikalia. Garimoshi lilipofika na meli zikaanza kuvuka ziwa, wengine walikuta yeye ameshajulikana na machifu, na wakulima, na maofisa wa serikali.

Ilipofika mwaka 1904 alikuwa na matawi zaidi ya thelathini, na yakazidi kuongezeka. Huwezi kusimamia maduka mengi hivyo kwa macho yako. Desturi yake ilikuwa kumpa kijana, aghalabu mgeni kutoka Bara Hindi, bidhaa kwa mkopo, naye akaenda kukaa mahali pa mbali akauza marekani na chumvi na kununua pembe, ngozi, njugu na ufuta. Mapato yakirudi, deni hupunguzwa na bidhaa nyingine hupelekwa. Huko Uganda sarafu zilikuwa haba na benki hakuna, kwa hiyo hata maofisa wa serikali walipitisha fedha zao katika maduka yake. Sisi watu wa Pwani tungeiita hawala.

Hapa Usenge mkopo pia upo. Tajiri wa samaki humpa mvuvi nyavu au injini ya mashua, na mvuvi hufungwa kumuuzia yeye tu, kwa bei anayoitaka tajiri. Bei ikiwa duni mno, mvuvi hutafuta nyavu za macho madogo apate kuongeza kilo, na mbuta mchanga huvuliwa kabla hajazaa. Kila mmoja amepata chake cha leo. Sisemi Allidina alikuwa walii. Alipenda faida kama mfanyabiashara yeyote. Ila kijana aliyemkopa aliweza kulipa, akajitenga, akafungua duka lake mwenyewe, na bado akawa mteja wake.

Jambo jingine lililonipendeza ni la pembe. Biashara ya pembe ilimtajirisha, na ni biashara ya kuvuna usichopanda: ndovu hukua miaka mingi, huuawa kwa saa moja. Pamba ilipoanza kulimwa Uganda kuanzia mwaka 1903, alitia fedha katika viwanda vya kuichambua. Akatia pia katika mitambo ya kukamua mafuta na katika uchukuzi wa majini. Mitambo hailipi mwaka wa kwanza, wala wa pili. Naye kwa umri alikuwa amekwisha pita hamsini, wakati ambapo wenzake wengi hufikiria kurudi kwao na kujenga nyumba kubwa.

Hata hivyo pana kasoro, na ni kubwa. Aliyeona mbali hivyo katika nchi hakuona mbali katika nyumba yake. Biashara yote ilishikwa na mtu mmoja. Ni yeye aliyejua ni nani akopeshwe, nani asubiriwe, nani abanwe. Uaminifu wa mamia ya watu ulielekezwa kwake yeye, haukuelekezwa kwa kampuni. Na alizidi kusafiri mwenyewe hata uzeeni. Mwaka 1916, katikati ya vita vikuu, alikwenda Kongo kwa biashara, akashikwa na homa, akafa tarehe 30 Juni.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi vitabu vya madeni, na imani ya watu si kitu cha kurithiwa. Ukaja mwaka 1920, bei ya pamba ikaanguka, na serikali ikabadilisha thamani ya rupia, kisha ikaleta shilingi. Wadeni wengi wakashindwa kujua wanadaiwa kiasi gani hasa. Nyumba ile ya biashara haikumaliza miaka ya 1920. Katika mambo ya mwisho aliyotimiza Abdulrasul ni kuwajengea watoto wa Mombasa shule kwa jina la babake. Ilifunguliwa mwaka 1923, na hadi leo asubuhi kengele yake inalia.