Sultani Tipu wa Mysore

Sultani Tipu bin Haidar Ali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alirithi ufalme wa Mysore, katika Bara Hindi, mwaka 1782, na vita baina ya baba yake na Waingereza havijaisha. Mwaka 1784 wakapatana. Alikuwa mtu wa jihadi na wa biashara pia. Hata Maskati alikuwa na mawakala wake.

Kisha akaja Cornwallis, jemadari yule aliyesalimu amri Yorktown mwaka 1781 mbele ya walowezi wa Marekani na Wafaransa. Aliyoyakosa huko aliyapata Hindi, wala si kwa nguvu zake peke yake: Nizamu wa Hyderabad, naye ni Mwislamu, alikuwa upande wake pamoja na Wamaratha. Mwaka 1792 Tipu akatoa nusu ya nchi yake, na wanawe wawili wadogo wakachukuliwa rehani mpaka Madras. Ni baba yupi asiyejua uzito wa hayo?

Akataka msaada kwa Wafaransa. Kutoka Mauritius wakamjia kiasi cha watu 100 tu. Tarehe 4 Mei 1799 Waingereza, na askari wa Nizamu pamoja nao, wakabomoa ukuta wa Srirangapatna. Tipu hakukimbia. Maiti yake ilionekana usiku, karibu na lango, chini ya maiti za watu wake, akazikwa kando ya baba yake.