Miriam Makeba: Mtoto wa jirani na Jeppestown aliyepata na kupoteza Marekani

Mwaka 1988 kilichapishwa kitabu cha maisha ya mwanamuziki mashuhuri wa Afrika Kusini, marehemu Miriam Makeba, alichokiandika kwa kushirikiana na James Hall. Wengi wetu katika Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa Pata Pata na Malaika, lakini sisi tunaoishi ugenini tunaguswa zaidi na simulizi ya miaka yake huko Marekani.

Makeba alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 katika kitongoji cha Prospect, mashariki ya katikati ya Johannesburg, si mbali na Jeppestown. Alikuwa na umri wa siku 18 tu mama yake alipotiwa mbaroni kwa kuuza pombe ya kienyeji. Fedha za faini hazikuwepo, hivyo mtoto akakaa jela na mama yake miezi sita. Baba alifariki Miriam angali mdogo, akalelewa na bibi yake huko Pretoria, ambako alianza kuimba kwaya ya shule.

Katika miaka ya 1950 aliimba na Manhattan Brothers, kisha na kundi la akina dada la Skylarks. Filamu ya Come Back, Africa, iliyopigwa kwa siri mjini Johannesburg, ilimfikisha Venice mwaka 1959. Huko London alikutana na Harry Belafonte, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Marekani, akiimba kwenye televisheni na katika klabu ya Village Vanguard ya New York.

Mwaka 1960 mama yake alifariki dunia. Makeba alikwenda kwenye ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ili arudi kuzika, na hapo pasipoti yake ikagongwa muhuri wa kufutwa. Hakuzika. Miaka mitatu baadaye alitoa ushahidi dhidi ya ubaguzi wa rangi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa; serikali ya makaburu ikamnyang'anya uraia na kupiga marufuku nyimbo zake.

Marekani yenyewe ilikuwa ikimshangilia. Mwaka 1962 aliimba katika sherehe ya kuzaliwa kwa Rais Kennedy. Mwaka 1966 yeye na Belafonte walipata tuzo ya Grammy kwa albamu yenye wimbo wetu wa Malaika (ule ambao hadi leo tunabishana nani aliutunga). Pata Pata ikafuatia mwaka 1967 na kufika nafasi ya 12 katika chati za Marekani, ingawa mwenyewe aliuona kuwa wimbo wa kucheza tu.

Mwaka 1968 aliolewa na Stokely Carmichael, kiongozi wa harakati za Nguvu ya Watu Weusi. Maonyesho yakafutwa, mikataba ikavunjwa. Kwa maoni yetu hapa ndipo kitabu kinapouma zaidi. Marekani ilimpigia makofi alipowashtaki makaburu, kwa kuwa washtakiwa walikuwa mbali. Alipoolewa na mtu aliyekuwa akiishtaki Marekani yenyewe, makofi yalikatika. Wawili hao wakahamia Guinea kwa Rais Sekou Toure, na Makeba akaiwakilisha nchi hiyo katika Umoja wa Mataifa. Ndoa ilivunjika, yeye akabaki. Binti yake wa pekee, Bongi, alifariki huko mwaka 1985.

Kitabu kilipotoka, mlango wa nyumbani ulikuwa bado umefungwa. Alirejea Johannesburg Juni 1990, akiwa na pasipoti ya Ufaransa na viza ya siku sita, miaka 30 baada ya mazishi aliyoyakosa.

Mwezi Mei 2008 wahamiaji wa Kiafrika walishambuliwa Johannesburg, na Jeppestown, jirani na alikozaliwa, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokumbwa na ghasia hizo. Septemba mwaka huo huo Waafrika sita waliuawa na wahalifu wa kimafia huko Castel Volturno, Italia. Tarehe 9 Novemba Makeba alikwenda mji huo kuimba katika tamasha la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano, aliyekuwa akitishiwa maisha na mafia. Aliimba Pata Pata, akaanguka, na akafariki usiku huo akiwa na umri wa miaka 76.