Monsinyori Georges Lemaître, padri na mwalimu wa fizika (1894–1966)

Katika kurasa zilizotangulia tumewakumbuka mapadri waliojenga parokia yetu. Wasomaji wapendwa watuwie radhi kama hapa twasimulia maisha ya padri ambaye hakuwa mmisionari: Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa Louvain, chuo kikuu kile kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka wa 1954. Twamsimulia kwa sababu vijana wetu wa sekondari, wakiisha kusikia masomo ya fizika, hutujia wakitaka kujua nani asema kweli juu ya mwanzo wa ulimwengu, mwalimu wao au katekista.

Alizaliwa Charleroi, mji wa machimbo ya makaa, tarehe 17 Julai 1894. Alianza masomo ya uchimbaji wa migodi, lakini vita ya 1914 ikayakatiza. Akatumika katika jeshi la mizinga, akapewa nishani ya ushujaa. Aliporudi aliacha migodi, akapata udaktari wa hesabu mwaka wa 1920, kisha akaingia seminari huko Malines. Kardinali Mercier alimpa upadri mwezi wa Septemba 1923. Akaendelea na masomo Cambridge kwa mwalimu Eddington, halafu Amerika, na tangu 1925 hadi 1964 alifundisha Louvain.

Wakati ule karibu wataalamu wote waliamini kwamba ulimwengu kwa jumla umekaa vilevile tangu milele. Einstein mwenyewe, mwaka wa 1917, aliongeza namba moja katika hesabu zake ili ulimwengu usisogee. Padri Lemaître alitazama vipimo vya mwanga wa galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali sana. Mwanga huo uliegemea rangi nyekundu, ishara ya kwamba galaksi zinatuacha. Mwaka wa 1927 alifasiria kwamba nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka. Chukua kamba ya mpira inayofungia mizigo juu ya chukudu, tia alama mbili, kisha vuta: alama zinaachana, ingawa hakuna hata moja iliyotembea juu ya kamba.

Makala yake ilitoka kwa Kifaransa katika gazeti la elimu la Ubelgiji lililosomwa na wachache. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Einstein alifika Bruxelles kwa mkutano wa Solvay, nao wakazungumza. Einstein alikubali kwamba hesabu hazina kosa, tena akamjulisha kwamba Mrusi Friedmann alikwisha kufikia hesabu za namna hiyo mwaka wa 1922. Lakini fizika iliyotolewa humo aliiona kuwa chukizo. Padri wa miaka 33 akaambiwa hivyo na mtu aliyesikilizwa na dunia yote! Hata hivyo hakuiacha kazi yake. Mwaka wa 1929 Mmarekani Hubble alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyotuacha kwa mbio zaidi. Mwaka wa 1931 makala ya Lemaître ilitolewa kwa Kiingereza, na yeye akaenda mbele zaidi: kama ulimwengu unatanuka, basi zamani ulikuwa mdogo, na mwanzoni kabisa ulikuwa kama atomu moja iliyopasuka. Einstein naye aliiacha ile namba yake.

Wengine walimshuku padri kwamba anaingiza Kitabu cha Mwanzo katika fizika kwa siri. Ndipo ikaja Novemba 1951. Baba Mtakatifu Pio wa XII aliwahutubia wataalamu wa Akademia ya Kipapa, akaitaja elimu hiyo mpya kama ushuhuda wa uumbaji. Katekista gani asingeshangilia? Lemaître alihuzunika. Kwake nadharia ile ilikuwa jambo la fizika tu, la kuthibitishwa au kukanushwa kwa vipimo, na imani haipaswi kuegemezwa juu ya kitu ambacho kesho chaweza kubomoka. Alitoa wasiwasi wake huko Roma kwa heshima; na mwaka wa 1952 Baba Mtakatifu aliposema na wataalamu wa nyota, hakulirudia jambo lile.

Sisi makatekista tumeanguka katika kosa hilohilo, tena si mara moja. Tumesimama mbele ya watoto tukasema kwamba fizika imethibitisha ukurasa wa kwanza wa Biblia. Na mwaka wa 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka mjini ukala hata kanisa kuu letu, wangapi kati yetu walikimbilia kueleza Mungu alitaka nini, kabla ya kuwasikiliza wanaoupima mlima?

Mtu huyu hakutafuta sifa. Ni mwaka wa 2011 tu ilipojulikana kwamba ile tafsiri ya Kiingereza aliifanya mwenyewe, na ni yeye aliyeondoa mistari iliyoonyesha kwamba alimtangulia Hubble. Aliona vipimo vile vya 1927 vimekwisha kupitwa. Mwaka wa 2018 chama cha wataalamu wa nyota wa dunia kilipiga kura jina lake liunganishwe na la Hubble katika sheria ile.

Mwaka wa 1965 Wamarekani Penzias na Wilson walitangaza kwamba wamenasa mawimbi dhaifu, kama ya redio, yatokayo pande zote za mbingu sawasawa: masalio ya joto la mwanzo. Lemaître alikuwa mgonjwa hospitalini rafiki na msaidizi wake Odon Godart alipomletea habari hiyo. Alifariki tarehe 20 Juni 1966, akazikwa Marcinelle, karibu na mji aliozaliwa.