Muhamadi Kijuma wa Amu: Mtunzi, Mnukuzi au Bingwa wa Ngoma?

Ni nadra jina la Muhamadi Kijuma kutajwa mbele ya wapenzi wa fasihi ya Kiswahili bila ubishi kuzuka. Wapo wanaoshikilia kuwa alikuwa mnukuzi hodari tu, aliyeuza hati za tungo za watu wengine kwa Wazungu waliozihitaji. Wapo wanaomweka katika safu ya watunzi wakubwa wa Kiamu kwa sababu ya utenzi wake wa Fumo Liyongo. Wengine humkumbuka kwanza kwa nakshi za milango. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila kundi limeshika upande mmoja wa mtu yule yule, na kwamba upande unaosahaulika mno, yaani ule wa ngoma na muziki, ndio unaoweza kutupa ufunguo wa pande nyinginezo.

Kijuma, ambaye baadhi ya wahariri huandika jina lake Kijumwa, alizaliwa mjini Lamu yapata mwaka 1855. Jina lake kamili ni Muhamadi bin Abubakar bin Omar. Wakati huo Amu ilikuwa chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar, na majahazi yalikuja na kwenda kwa kaskazi na kusi. Mwana Kupona alitunga utendi wake mashuhuri takriban mwaka 1858, Kijuma akiwa bado mtoto mdogo. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulikuwa na sifa ya waandishi na mafundi. Kwa hiyo, kijana huyu alikulia mahali ambapo kuandika hati nzuri, kuchonga mti na kutunga shairi ni kazi zilizoheshimiwa, na mtu mmoja aliweza kuzifanya zote bila ya kuulizwa yeye hasa ni nani.

Aidha, Amu ulikuwa mji wa mashindano. Mtaa wa Mkomani upande wa kaskazini na mtaa wa Langoni upande wa kusini ilikuwa na mivutano ya tangu na tangu, na kambi za Zena na Suudi zilishindana hadharani kwa ngoma. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni nayo ilipoenea mwambao, mashindano yalipata sura mpya. Palihitajika wapigaji, mavazi, karamu na, zaidi ya yote, mtunzi wa nyimbo. Kambi isiyokuwa na malenga ilikuwa sawa na chombo kisicho na tanga. Katika gungu, ngoma ya heshima ya Waswahili wa kaskazini, mshairi mmoja alifunga fumbo na mwenzake akatakiwa kulifumbua papo hapo kwa vina na mizani. Aliyeshindwa aliaibika yeye na watu wake.

Msomaji anaweza kufikiri kwamba ushabiki wa muziki ni jambo la zama zetu. Leo wapenzi wa muziki wa roki hubishana hadi usiku wa manane kuhusu albamu ipi ya The Beatles iliyo bora, au mpiga gitaa yupi asiye na mfano, na ubishi ukishindikana santuri huchezwa upya. Waamu wa karne ya 19 walibishana kwa ari iyo hiyo juu ya mabaraza yao: nani alifumba vizuri, nani alijibu kwa ulegevu, zumari ya nani ililia zaidi. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na santuri. Ushahidi wao ulikuwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya shabiki huelemea upande wake.

Katika uwanja huo ndimo Kijuma alimojitokeza. Alikuwa mcheza ngoma, mwanamuziki na mtunzi wa nyimbo za hadhara kabla ya kujulikana na mtaalamu yeyote wa Ulaya. Hata hivyo, kazi hiyo haikuwa na heshima isiyo na doa. Mji wa Lamu ulikuwa pia mji wa wanazuoni, na suala la nafasi ya ngoma katika maisha ya Mwislamu lilizua mjadala mkali. Habib Swaleh, ambaye Msikiti wake wa Riyadha ulijengwa Langoni yapata mwaka 1900, alipoyapa matari nafasi katika maulidi, baadhi ya masharifu walimpinga. Ikiwa mwanachuoni wa daraja hiyo alipingwa, ni dhahiri kuwa mtu wa gungu na beni alihitaji moyo mgumu zaidi.

Mkono uliopiga ala ndio uliochonga. Kijuma alikuwa fundi wa nakshi, na katika mji ambao mlango hutangaza hadhi ya mwenye nyumba, fundi wa namna hiyo hakukosa kazi. Mchonga nakshi huanza na kipimo: ua hurudiwa, mstari hukutana na mwenzake, nafasi hujazwa bila kusongamana. Si ajabu kwamba hati zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zina mpangilio na unadhifu unaowafanya wachunguzi wazitambue mara moja.

Hati hizo ndizo zilizompeleka mbali. Mwaka 1913 aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, na Alice Werner akauchapisha London katika miaka ya 1920. Baadaye alimwandikia William Hichens, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 alifanya kazi Lamu pamoja na Ernst Dammann, ambaye mwaka 1940 alitoa kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu. Kijuma alifariki mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka tisini hivi.

Hapa ndipo hoja ya unukuzi inapopata nguvu. Ni kweli kwamba aliandika kwa kuombwa na kwa malipo. Ni kweli pia kwamba visa vya Liyongo vilikuwa midomoni mwa watu karne nyingi kabla yake. Lakini je, mtunzi wa ngoma hakuwa akitunga kwa kuombwa na kambi yake? Kwa mtu wa uwanja wa mashindano, kuagizwa wimbo hakukupunguza utunzi. Kulikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Tuutazame utenzi wenyewe. Liyongo yumo gerezani akingoja kuuawa. Mjakazi Saada anamletea mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, na walinzi wanaudharau na kumwachia. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu, anawafundisha watu nyimbo, na kishindo kinapopanda, anakata minyororo bila sauti ya tupa kusikika. Kisa ni cha kale, lakini aliyekisimulia alikuwa mtu aliyejua kwa mwili wake jinsi ngoma inavyopanda. Kwa maoni yangu, mnukuzi mtupu asingelikuwa na la kuongeza hapo. Kijuma alikuwa nalo.

Baada ya kifo chake, Abdilatif Abdalla aliuhariri utenzi huo ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Abou Egl aliandika tasnifu kuhusu maisha yake katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1983, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu cha maandishi yake. Hati zake nyingi zimehifadhiwa London na Ujerumani. Kwa hakika tunawiwa shukrani na waliozihifadhi. Lakini maktaba huhifadhi karatasi, haihifadhi kishindo. Nyimbo za mashindano zilitungwa zisikike usiku mmoja na kujibiwa usiku wa pili, na nyingi zilikwenda na wale walioziimba. Tukimhukumu Kijuma kwa karatasi peke yake, tutaendelea kumwona mnukuzi, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyobaki.

Jukumu la wanafunzi wa Kiswahili, hasa sisi tunaoweza kupanda basi hadi Mokowe na kuvuka kwa mashua, ni kuwaendea wazee wa Amu, Siyu, Faza na Pate na kurekodi kinachokumbukwa cha gungu na tumbuizo, pamoja na ubishi wake wote. Ushabiki usidharauliwe. Kila anayebishana kuwa wimbo wa kambi yake ulikuwa bora, sharti kwanza aukumbuke.