Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyefundisha kompyuta kuchora motokari

Karibu kila herufi inayosomwa leo kwenye kioo cha simu imechorwa kwa hesabu iliyotafutwa kwanza kwa ajili ya mabati ya motokari. Hesabu hiyo inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi katika kampuni ya Renault kwa miaka 42. Wahandisi wanaochora kwa kompyuta wanakutana na jina lake kila siku. Lakini wengi hawajui kwamba Bézier alikuwa mtu wa mashini na vyuma kabla ya kujulikana kama mtu wa hesabu.

Kutoka karakana hadi uongozi

Pierre Bézier alizaliwa Paris tarehe 1 Septemba 1910. Baba yake na babu yake walikuwa wahandisi, naye akafuata njia hiyo hiyo. Alipata diploma ya uhandisi wa mashini katika shule ya Arts et Métiers mwaka wa 1930, kisha ya umeme mwaka wa 1931.

Aliingia Renault mwaka wa 1933. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kurekebisha vifaa vya mashini, na baadaye akapelekwa kwenye ofisi ya kuchora vifaa hivyo. Wakati wa vita kuu ya pili alikamatwa mateka na Wajerumani. Vita vilipokwisha, Renault ilitaka kuwauzia raia wa kawaida motokari ndogo ya bei nafuu, ile 4CV. Bézier ndiye aliyepewa kazi ya kupanga mashini zinazopitisha kipande cha chuma kutoka hatua moja hadi nyingine bila kubebwa kwa mikono. Motokari zaidi ya milioni moja za aina hiyo zilitengenezwa.

Lawama za kila siku

Injini zilikuwa zinatoka haraka, lakini umbo la nje la motokari lilibaki kazi ya polepole. Mchoraji wa mitindo alichora kwenye karatasi. Mafundi walitengeneza umbo la udongo. Wachoraji wa ofisi walilipima na kuchora mistari mirefu kwa kukunja vipande vyembamba vya mbao. Maseremala nao walichonga kielelezo kikuu, na kielelezo hicho ndicho kilichofuatwa wakati wa kutengeneza kalibu za kukandamiza bati.

Kila mkono uliogusa kazi uliongeza kosa lake dogo. Mwishoni, bati la mlango halikulingana na bati la jirani yake. Hapo mchoraji alimlaumu seremala, na seremala alimlaumu fundi wa kalibu. Hakuna aliyeweza kuonyesha umbo la kweli ni lipi, kwa sababu karatasi ilisema jambo moja na kielelezo kilisema lingine.

Mwaka wa 1960, akiwa na umri wa miaka 50, Bézier alianza kushughulikia tatizo hilo. Wazo lake lilikuwa kwamba umbo lote liandikwe kwa namba. Namba haikunjiki wala haibadiliki ikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ofisi ya michoro, karakana na kiwanda vyote vingekuwa na umbo lile lile, na mashini ingelichonga yenyewe.

Pointi nne tu

Mstari ulionyoka na duara ni rahisi kuandika kwa namba. Lakini bega la motokari si duara. Bézier aliwaza mstari uliopinda ndani ya sanduku: ukilivuta au kulikandamiza sanduku, mstari wa ndani unafuata. Badala ya kuhangaika na mstari, mtu anashughulika na sanduku.

Leo jambo hilo linaelezwa kwa pointi. Mstari wa kawaida wa Bézier una pointi 4. Ya kwanza na ya mwisho ni mwanzo na mwisho wa mstari. Zile mbili za katikati zinauvuta tu, na kwa kawaida mstari haupiti juu yake. Ni kama mchungaji anayevuta kamba ya ng'ombe: ng'ombe hafiki mkononi mwake, lakini anageukia upande wa kamba. Mchoraji asiyejua hesabu anasogeza pointi moja, anaona mstari unavyogeuka, na kompyuta inafanya hesabu. Ndivyo Bézier alivyotaka, chombo kitumike na mtu wa mitindo bila kumwita mtaalamu wa hesabu.

Kutokana na hesabu hiyo, wahandisi wanafuata kanuni mbili hadi leo. Ya kwanza, pointi ziwe chache, kwa maana zikizidi mstari unaanza kutikisika. Ya pili ni juu ya mahali mistari miwili inapoungana. Pointi ya maungio na zile mbili zilizo karibu nayo, moja kila upande, lazima ziwe kwenye mstari mmoja ulionyoka. Zisipokuwa hivyo, bati linaonyesha mkunjo mara tu mwanga unapolipiga.

Wakubwa walisita

Ndani ya Renault si wote waliomwamini. Baadhi ya wakubwa waliona kwamba kama jambo hilo lingekuwa la maana, Wamarekani wangekuwa wamelifanya kwanza. Bézier aliendelea. Pamoja na wenzake alitengeneza mashini ya kuchora kwa ukubwa kamili na mashini ya kuchonga vielelezo katika vitu laini, zote zikiongozwa na kompyuta. Mfumo huo uliitwa UNISURF. Ulianza kutumika mwaka wa 1968, na kufikia mwaka wa 1975 ulikuwa umeenea katika kazi za Renault. Mwaka huo Bézier alikwenda pensheni.

Siri ya jirani

Ijulikane kwamba Bézier hakuwa wa kwanza. Katika kampuni ya Citroën, mtaalamu wa hesabu Paul de Casteljau alikuwa amefikia mistari hiyo hiyo mwaka wa 1959 kwa njia yake mwenyewe. Lakini Citroën iliifanya siri ya kampuni, na karatasi zake zikafungiwa ndani. Bézier, kwa upande wake, alichapisha kazi yake katika jarida la Ufaransa mwaka wa 1966, kisha akaandika vitabu.

Wataalamu wa nchi nyingine walisoma kilichochapishwa, wakakitumia, na wakakipa jina la aliyekiandika. Kazi ya de Casteljau ilipojulikana baadaye, jina lake lilipewa njia ya kuhesabu mistari hiyo hatua kwa hatua, lakini mistari yenyewe ilikwisha kuitwa ya Bézier. Bézier mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba Citroën ilitangulia na kumtaja de Casteljau kwa jina. Bézier alikufa mwaka wa 1999, na de Casteljau mwaka wa 2022.

Mwanafunzi wa miaka 66

Pensheni haikumnyamazisha. Tangu 1968 hadi 1979 alifundisha katika Conservatoire national des arts et métiers, na mwaka wa 1977 alipata udaktari katika chuo kikuu cha Paris juu ya hesabu za mistari na maumbo yake. Mwaka wa 1985 shirika la Marekani la wataalamu wa kompyuta, ACM, lilimpa tuzo ya Steven A. Coons.

Wakati huo hesabu yake ilikuwa imekwisha kutoka viwandani. Programu ya CATIA, iliyozaliwa katika kampuni ya ndege ya Dassault, ilianza na mistari hiyo. Lugha ya uchapaji PostScript, iliyotoka mwaka wa 1984, iliichukua kwa kuchora herufi, na kutoka hapo ikafika kwenye magazeti, kompyuta na simu.

Pierre Bézier alikufa tarehe 25 Novemba 1999, akiwa na umri wa miaka 89. Programu za kuchora hubadilishwa kila mwaka na kuongezewa vitufe vipya. Lakini fundi anayeshika mstari uliopinda na kuuvuta, awe Paris au Bukavu, bado anasogeza pointi zile zile ambazo Renault ilikubali zitoke nje ya ukuta wake.