Erasmus wa Rotterdam: Padre Asiyeliacha Kanisa

Erasmus, Mholanzi bingwa wa Kilatini na Kigiriki, alikuwa mwana wa padre. Akafiwa na wazazi angali kijana, akaingia utawa wa Mtakatifu Augustino, na mwaka 1492 akapewa daraja la upadre. Mwaka 1516, mjini Basel, alichapisha Agano Jipya kwa Kigiriki, akamtunukia Papa Leo X. Kwa kuwa aliwakemea makleri wazembe, wengi walimdhania mfuasi wa Luther. Kumbe mwaka 1524 alimpinga, akitetea utashi huru wa binadamu. Basel ilipokataza Misa mwaka 1529, alihamia Freiburg ya Kikatoliki. Twasikitika kwamba mwaka 1559, miaka 23 baada ya kifo chake, Papa Paulo IV alipiga marufuku vitabu vyake vyote.