Henry Morton Stanley: Mtu Aliyejitafutia Baba Marekani

Mkoa wetu ulipoundwa mwaka 2012 ulipewa jina la mto Simiyu. Mtu aliyeuingiza mto huo katika ramani za Ulaya ni Henry Morton Stanley, mapema mwaka 1875, alipotoka Ituru akapita Iramba, nchi inayopakana na Meatu yetu, akaingia Usukuma na kufika Kageye kando ya Ziwa Nyanza tarehe 27 Februari. Aliamini kwamba Simiyu ndio mkono wa mbali zaidi wa Nile upande wa kusini. Katika hilo alikosea, maana sifa ya mto mkubwa unaoingia ziwani ni ya Kagera.

Safari zake wengi tulifundishwa shuleni. Hapa tunataka kuzungumzia kitu alichokificha maisha yake yote, yaani ukoo wake.

Watu wanaofuatilia nasaba za walowezi wa kwanza wa Marekani wana njia zao. Wapo wanaotafuta babu aliyeshuka Massachusetts na meli ya Mayflower mwaka 1620. Wapo Wakatoliki wanaotafuta jina lao kati ya waliofika Maryland mwaka 1634 kwa meli za Ark na Dove, pamoja na Mjesuiti Padre Andrew White. Wanapekua orodha za abiria, wosia, na hasa madaftari ya ubatizo na ndoa ya makanisa. Stanley alijitangaza kuwa mzaliwa wa Marekani, lakini ukimfuatilia kwa njia hiyo hiyo unagonga ukuta. Hakuna ukoo wa Stanley huko unaomtambua. Njia inarudi ng'ambo ya bahari, hadi mji mdogo wa Denbigh katika nchi ya Wales, kwenye daftari la kanisa la Mtakatifu Hilary la mwaka 1841. Humo ameandikwa kwa jina la John Rowlands, na kando yake limewekwa neno moja: mwana haramu.

Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana asiyeolewa. Rowlands aliyetajwa kuwa baba alikuwa mlevi, na hata ubaba wake una mashaka mpaka leo. Kwetu mtoto wa namna hiyo angekuwa wa ujombani mpaka baba yake aje kumkomboa kwa ng'ombe, na babu angemwita mjukuu mbele ya watu wote bila kuona haya. Kwa John mambo yalianza hivyo hivyo. Babu yake mzaa mama, Moses Parry, mchinja nyama, alimlea kwa upendo. Lakini mzee huyo alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, na wajomba wakachoka kulipia malezi yake. Februari 1847 alishikwa mkono akaambiwa anapelekwa kwa shangazi. Alipelekwa St Asaph, kwenye nyumba ya maskini iliyoendeshwa kwa kodi za wananchi, akaachwa mlangoni.

Alikaa humo miaka tisa. Siku moja mama yake aliletwa kwenye nyumba hiyo hiyo akiwa na watoto wengine wawili. Kijana hakumtambua mpaka alipoonyeshwa, naye mama hakumwonyesha moyo wa mama. Tukio hili tunaliona kuwa na uzito kuliko vita vyote alivyopigana baadaye.

Akiwa kijana wa miaka kumi na minane alifika New Orleans kama mtumishi wa meli, mapema mwaka 1859. Hapo ndipo hadithi yake inapoanza kutengenezwa. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa na mjane wake mwaka 1909, alisimulia kwamba tajiri wa pamba, Henry Hope Stanley, alimchukua awe mwanawe. Akaeleza jinsi mzee huyo alivyochovya mikono katika beseni la maji, akamchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso na kumpa jina lake kwa maneno ya ubatizo. Kisha, anasema, baba huyo akafariki ghafla mwaka 1861.

Waliofuatilia kumbukumbu za New Orleans walimkuta Henry Hope Stanley wa kweli: alikufa mwaka 1878. Mwandishi Tim Jeal, aliyesoma karatasi za Stanley zilizohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na kutoa kitabu chake mwaka 2007, anaona kwamba huenda wawili hao hawakuwahi hata kufahamiana. Jina la kati nalo alilibadilisha mara kadhaa kabla ya kutulia kwenye Morton.

Mafrateri wataona mara moja jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita haraka. Kijana huyu hakujitungia urithi wa mali wala wa mashamba, alijitungia ubatizo. Daftari la Denbigh lilikuwa limempa jina na aibu kwa kalamu moja, naye akatamani maji mengine yatakayompa jina bila aibu. Sisi tunajua ubatizo haurudiwi, na kwamba ule wa Denbigh ulitosha kumfanya mwana wa Mungu. Sijui nani aliwahi kumweleza hivyo, kama yupo.

Yaliyofuata tuyapite kwa kifupi. Alipigana upande wa Kusini katika vita vya Marekani, akatekwa Shiloh mwaka 1862, akahamia upande wa Kaskazini, akaachiwa kwa ugonjwa. Alirudi Wales mgonjwa na maskini, na mama yake akamwambia asirudi tena mpaka awe na hali nzuri. Akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na mwaka 1871 akamkuta Livingstone kule Ujiji, mzee ambaye alimpenda kama baba. Mwaka uliofuata magazeti yalipochimbua habari za Denbigh, alikana. Mwaka 1885 aliomba uraia wa Marekani akapewa. Angekuwa mzaliwa wa huko, asingeuhitaji.

Hatumpambi. Mwaka 1875 aliwaua watu wengi wa kisiwa cha Bumbire, na kazi aliyomfanyia Mfalme Leopold huko Kongo ilifungua mlango wa mateso makubwa. Hata hivyo historia ya Kanisa letu inamgusa. Barua yake ya kuomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa ilitoka gazetini London Novemba 1875. Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Wamisionari wa Afrika mwaka 1879. Hao wa mwisho walipolazimika kuondoka Buganda walivuka ziwa kuja Usukuma, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi. Stanley alipopita tena Usukuma mwaka 1889, Padre Schynse na Padre Girault wa shirika hilo walifuatana na msafara wake mpaka pwani.

Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Alikuwa ametamani kulala karibu na Livingstone katika kanisa la Westminster, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa. Alizikwa Pirbright chini ya jiwe kubwa lenye jina la Henry Morton Stanley na lile la Kikongo, Bula Matari. Jina la John Rowlands halipo.

Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na ukali wake. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliagiza seminari zipokee waliozaliwa katika ndoa halali tu (kanuni 1363), na aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa na kizuizi cha kupewa daraja (kanuni 984). Sheria za mwaka 1983 zimekiacha kizuizi hicho. Kuhusu daftari, kanuni 877 inaeleza cha kufanya mtoto wa mama asiyeolewa anapoletwa kubatizwa. Jina la mama huandikwa ikiwa inajulikana wazi kuwa ndiye mama, au akiomba mwenyewe kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. La baba huandikwa ikiwa kuna hati ya serikali inayothibitisha, au baba akikiri mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Pasipo hayo, huandikwa jina la mbatizwa, na nafasi ya mzazi huachwa wazi. Paroko haongezi neno lolote pembeni.